Kalamu ya Pili Katika Kitabu cha Tatu

20 Novemba

Mvua kubwa ya kwanza imenyesha leo saa nane mchana, na bati la jikoni limetokeza matundu mawili mapya. Nimeweka sufuria moja na beseni moja. Nimeanza pia daftari hili, mbali na madaftari ya kitabu, kwa sababu nina mambo ambayo sitaki mtu wa nyumba hii ayasome.

Jambo lenyewe ni hili: kuna mtu anagusa kitabu changu.

Niseme kwa utaratibu, kama ninavyowadai wanafunzi wangu wa historia. Miaka kumi na moja sasa naandika hadithi ya vitabu vitatu kuhusu nchi ya Mishi, ambako shaba husema na mto hurudi nyuma wakati wa kiangazi. Viwili vimeshatoka. Watu wa mtaa wetu wa Hewa Bora wamevisoma kwa kuazimana mpaka majalada yamebanduka. Shujaa ni msichana anayeitwa Kapya, binti wa wafua shaba. Jina hilo nililichagua kwa sababu hakuna mtu wa ukoo wangu wala wa mume wangu aliyewahi kuitwa hivyo; sikutaka mtu aje kunidai. Adui yake ni Mla-Majina, mfalme anayekula majina ya watu. Akishalila jina lako, hakuna anayeweza kukuita tena, na wewe mwenyewe unasahau njia ya kwenu.

Kitabu cha tatu ndicho cha mwisho, na mwisho wake ninao kichwani tangu siku ya kwanza. Kapya anaingia kwa miguu yake katika tanuru kuu, Mla-Majina anammeza, na wanaungua pamoja. Kapya anakufa. Hakuna mjadala.

Naandika kwa mkono. Daftari likijaa, mume wangu Vital, fundi wa treni aliyestaafu, analipeleka kwa Abigaëlle, mwenye kibanda cha kupiga maandishi kwa kompyuta karibu na soko, maana magoti yangu na matope hayapatani. Kisha ananirudishia daftari pamoja na karatasi zilizopigwa. Jana nilisoma sura ya tano. Katika daftari, mshale umemwingia Kapya kifuani na anaanguka kama aliyekufa. Katika karatasi za Abigaëlle, mshale umempata mkono wa kushoto, anafungwa kitambaa safi, anakula uji.

Uji! Mimi sijaandika uji popote katika vitabu vitatu.

23 Novemba

Mvua. Nimesahihisha mitihani. Ule uji haunitoki kichwani.

27 Novemba

Leo nimekwenda mwenyewe kwa Abigaëlle, magoti yakilia. Ni msichana wa Butembo, mpole, anavaa sweta hata jua likiwaka. Aliponiona akasimama.

"Madame, karibu. Munakuya mweye benyewe na hii matope?"

"Nakuya kuuliza. Nani anabadilishaka maneno yangu?"

"Mi napigaka paka bile iko pa papier, Madame." Eti hupiga tu yaliyo kwenye karatasi.

"Pa papier yangu iko kifua. Pa yako iko mukono."

Akatazama kibodi kama vile herufi zimehama. "Pengine nilichoka, Madame. Munisamehe."

Sikumsamehe. Mtu aliyechoka huruka mstari, hapiki uji. Na alikuwa na haya, tena haya ya mtu anayejua kitu, si ya mtu aliyekosea. Miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya darasa. Sura hiyo naijua.

2 Desemba

Vital amekwenda tena Sakania. Kila wiki mbili, tangu Septemba, anapanda lori la Kambale, kaka yake Abigaëlle, anayepeleka unga na sabuni huko mpakani. Anasema anawaona wenzake wa zamani wa reli. Nimemuuliza ni wenzake gani, maana ninaowajua mimi wote tumeshawazika au wako hapa mjini.

"Weye haubajue," akasema, akachukua kifuko chake.

Hilo "weye" nalo liandikwe. Zamani aliniita kwa jina la mtoto, kama mume yeyote wa hapa anavyomwita mke wake: Mama fulani. Sasa ni "weye", au "Madame" akitaka kunichokoza. Sababu naijua, wala sijutii. Tulikuwa na binti mmoja. Miaka minne iliyopita, akiwa mwaka wa tano wa udaktari, aliacha masomo akamfuata fundi wa magari anayeitwa Mwape. Nilimwambia mezani, sahani ya bukari, ugali wetu, ikiwa bado inatoa moshi, kwamba akipita mlango ule jina lake litabaki nje pamoja naye. Akapita. Watu walisema wamevuka mpaka, wako Ndola. Sikuuliza zaidi. Mimi hushika neno langu, na hata humu silitaji.

9 Desemba

Umeme hakuna, siku ya tatu. Abigaëlle hawezi kupiga. Basi angalau hawezi kuharibu.

14 Desemba

Baada ya misa ya jioni Donat amenifuata uani pa kanisa. Yeye ndiye anayeongoza kikundi chetu cha wasomaji wa parokia, na anaandika mashairi ambayo kila moja linaisha kwa arusi.

"Madame, mukono ya Kapya ilipona?"

Nikasimama. "Mukono gani?"

"Si ile ya mushale?"

Sura ya tano hajaisoma mtu isipokuwa mimi na aliyeipiga. Nimembana mpaka akakiri: alikuwa akingoja fotokopi zake kibandani, karatasi zangu zilikuwa juu ya meza, macho yakajiendea yenyewe. "Mais, Madame, mwisho anaolewa, haina vile?"

Nimemwambia mwisho anaungua. Amerudi nyuma hatua mbili. Kwa siku nzima nimemshuku kwamba ndiye anayemtuma Abigaëlle, kisha nikaacha. Donat angekuwa ameshamwoza Kapya katika sura ya pili.

22 Desemba

Imetokea tena. Sura ya nane. Niliandika kwamba homa ya kinamasi inamshika Kapya siku tisa na kumpofusha jicho moja. Karatasi zinasema homa imeshuka siku ya tatu, na macho yote mawili yako salama, kwa sababu mganga wa kinamasi amempa dawa chungu "asubuhi, mchana na jioni, baada ya kula, pamoja na maji mengi yaliyochemshwa".

Nimesoma mara nne. Hakuna mganga wa Mishi anayesema hivyo. Hiyo ni lugha ya karatasi ya zahanati. Mtu huyu ana mgonjwa.

25 Desemba

Misa, nyimbo, kuku. Vital hakula paja lake. Amelifunga kwenye karatasi ya alumini akasema ni la rafiki.

3 Januari

Naandika jikoni, mlango nimeufunga.

Vital alirudi jana kutoka Sakania amelowa hadi mifupa, akalala. Asubuhi nimechukua kifuko chake nikaushe nguo. Ndani kulikuwa na shati, chupa tupu ya sirapu ya homa ya watoto, na kiatu. Kiatu kimoja cha plastiki cha rangi ya waridi, kidogo, kinaenea katika kiganja changu, kamba imekatika. Alikileta kukishona, bila shaka. Mume wangu huyu anashona kila kitu mwenyewe.

Basi ndiyo hiyo. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, na bwana ana nyumba ya pili Sakania. Ana mwanamke, ana mtoto wa kike, na mtoto anaumwa. Nimekaa kitandani na kiatu mkononi nikijaribu kumwona huyo mwanamke. Nimempa uso mzuri, nikamvua. Nimempa umri, nikampunguzia. Nimekumbuka kila safari, kila kifuko, lile paja la kuku. Nimekumbuka pia kwamba tangu Septemba amekuwa na furaha, na mimi nilidhani ni kwa sababu ya kustaafu.

Nimerudisha kiatu pale pale kilipokuwa, kamba kwa kamba. Sitamuuliza. Nikimuuliza atanijibu, na sijui kama nataka jibu. Sikulia. Nimeosha sufuria tatu zilizokuwa safi.

8 Januari

Sura ya tisa nimeipeleka mwenyewe. Imerudi leo, kila nukta mahali pake. Kapya amepoteza meno mawili kama nilivyoagiza. Abigaëlle hakunitazama usoni.

11 Januari

Jirani ameleta uyoga wa porini, mkubwa kama sinia. Vital ameupika mwenyewe. Mzuri. Nimekula kwa hasira.

17 Januari

Natega mtego. Sura ya kumi nimempa Vital aipeleke, na nimeiandika mbaya kwa makusudi. Kapya anashuka mlimani ndani ya behewa la mawe ya shaba, mvua inanyesha, breki imekatika, behewa linapinduka, mguu unavunjika mara mbili. Tuone nani ataugusa mguu huo.

24 Januari

Nimejua.

Karatasi zimerudi. Behewa linashuka, mvua inanyesha, breki imekatika, mpaka hapo ni mimi. Kisha anatokea mzee ambaye sijamwandika. Amevaa kofia ya buluu. Anakimbia kando ya reli na ndoo ya mchanga mkavu, "uliochekechwa na kukaushwa juu ya moto, maana mchanga wenye maji ni sawa na sabuni", anaumwaga kidogo kidogo mbele ya magurudumu, si mwingi kwa mara moja, mpaka chuma kinashika chuma na behewa linapunguza mwendo, linasimama. Kapya anashuka na miguu yake yote miwili. Mzee anapangusa mikono, anaondoka bila kutaja jina.

Abigaëlle hajui mchanga. Donat hajui hata baiskeli. Mimi najua, kwa sababu miaka yote ya ndoa nimesikilizishwa mezani habari za visanduku vya mchanga vilivyofungwa kwenye vichwa vya treni, na jinsi magurudumu yanavyoteleza kwenye mlima wakati wa mvua, na jinsi kijana mmoja mvivu aliwahi kutia mchanga mbichi wakarudi nyuma kilomita nzima. Na kofia ya buluu imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wangu.

Ni Vital. Kwa hiyo uji ni wake, na dawa ya mara tatu kwa siku ni yake. Anamuuguza mtoto wa mwanamke wa Sakania ndani ya kitabu changu. Kuniibia mume ni jambo moja. Lakini kitabu! Kazi ya miaka kumi na moja, na mwisho wake uko sura moja tu mbele, na huyu mtu anauendea na ndoo ya mchanga.

26 Januari

Nimeitazama ile kofia siku nzima.

1 Februari

Vital aliondoka jana kwa lori la mtu mwingine; la Kambale lilikuwa bado halijajaa. Leo baada ya shule nimekwenda kwa Abigaëlle, nikafunga mlango wa kibanda nyuma yangu.

"Najua ni Vital. Anakuambiaka nini?"

Akaanza kulia hapo hapo, machozi yakidondokea sweta. "Papa Vital anasema ni mweye munarekebisha, Madame. Analeta ma-papier ya pembeni. Ku mwanzo nilisadiki. Puis nikajua."

"Na Sakania? Iko nani kule?"

"Madame, mi siko na mudomo ya kusema ile. Muende mweye benyewe. Kambale anatoka kesho asubui."

Nimeomba ruhusa shuleni kwa siku tatu. Nimetia katika mfuko nguo, Rozari, na madaftari yote ya kitabu hadi ukurasa wenye mpango wa sura ya mwisho. Siachi hata karatasi moja katika nyumba yenye kalamu mbili.

3 Februari, Sakania

Tulitoka jana alfajiri. Kambale hasemi sana anapoendesha, Mungu ambariki. Mara mbili tulizama kwenye tope jekundu, mara mbili watu wa njiani wakatusukuma. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mwanamke wa mtu. Nilikuwa nayo makali, ya Kiswahili na ya Kifaransa, na moja la Kiluba la marehemu mama yangu ambalo sijawahi kulitumia.

Tulifika saa tisa mchana. Kambale alinionyesha uwanja wenye uzio wa matete karibu na gereji, akabaki kwenye lori.

Vital alikuwa ameketi juu ya tairi chini ya upenu, kofia ya buluu kichwani, mtoto wa kike mapajani. Alikuwa akimlisha kwa kijiko. Uji. Mtoto alikuwa na kiatu kimoja cha waridi kilichoshonwa kwa uzi mweusi na kingine kizima. Alinitazama bila woga. Paji lake la uso ni la marehemu baba yangu, sikuhitaji kuambiwa. Nyuma yao mwanamke alikuwa ameinama kwenye beseni akifua, mgongo kwangu, na mgongo huo nilikuwa nimeubeba mimi, nikauosha mimi.

Akageuka. Povu lilikuwa hadi viwiko. Amekonda, na nywele amezikata.

Maneno yangu yote ya njiani hakuna hata moja lililofaa. Yeye ndiye aliyesema kwanza, kama mtu asemavyo kwa mgeni yeyote aliyetoka mbali.

"Mama, mumekula?"

Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikasema sijala. Akafuta mikono akaingia jikoni.

"Hawako Ndola," nikamwambia Vital.

"Habayafikaka Ndola. Bako hapa tangu mwanzo."

"Na weye unanificha."

"Ulisema jina yake isiingie mu nyumba. Njo nilikuwa naye huku inje." Alimfuta mtoto mdomo. "Kapya, salimia nkambo yako."

Mtoto akaninyoshea mimi, bibi yake, mkono wenye uji. Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya uchovu wa njia. "Anaitwa nani?"

"Kapya. Mama yake njo alimupa jina ile. Jina ya kitabu."

Kisha akanieleza, polepole, kama anavyoeleza mashine. Mtoto ana miaka miwili na nusu. Tangu Septemba homa zinamwandama, zinashuka, zinarudi. Mwezi huo huo Vital alikuta mpango wa sura zangu ndani ya Biblia, nilimouficha, na akasoma mstari wa mwisho: Kapya anakufa motoni.

Kwetu mtu na mtoto aliyepewa jina lake wanaitana "majina". Anayebeba jina hubeba na mwenyewe. Mtoto akiugua, wazee wanamwendea mwenye jina, wanamwarifu, anamwombea, anampaka mate kwenye paji. Mwenye jina akifa vibaya, kila mtu anamtazama mtoto kwa wasiwasi. Mimi mwenyewe nawafundisha haya wanafunzi wangu kama desturi za kale.

"Mi najua ni kitabu," Vital akasema. "Siko mujinga. Mais mutoto akiwa na moto mu mwili, unashika kila kintu yenye unaweza kushika. Majina yake tutaenda kumusalimia wapi? Iko paka mu kaye yako, mu daftari. Na mu kaye yako unamupiga kila siku. Mushale, homa, mukokoteni. Nikasema, kama anapona mule, pengine na huku."

"Papa, mi sikukutuma," binti yangu akasema kutoka mlangoni, sahani mkononi.

"Haukunituma."

"Mi naona iko homa ya maji. Sasa tunachemsha maji, iko anapata nguvu. Haina jina."

"Haina jina," Vital akakubali kwamba si jina linalomuuguza mtoto, na akaendelea kumshika mguu.

Nilikula. Ilikuwa sombe, majani ya muhogo, na samaki wadogo, chumvi imezidi kidogo kama alivyozidisha siku zote. Nilikuwa na hasira juu yao wote wawili, na hasira ilikuwa haina mahali pa kukaa. Halafu mtoto akaja akaegemea goti langu bovu, na uzito wake ulikuwa mdogo mno. Hapo nililia, mbele ya watu wote, mbele ya mafundi wa gereji, hata Mwape, mkwe wangu, aliyekuwa amekuja na kofia mkononi hakujua aangalie wapi. Nililia kwa miaka miwili na nusu ambayo sikuiona.

Asubuhi hii naandika nikiwa juu ya lile tairi. Miaka kumi na moja nimemtafutia Mla-Majina sura ya kutosha kuogofya. Nimempa pembe, nimempa meno ya shaba, nikaviondoa, havikutosha. Kumbe anaishi Hewa Bora, anafundisha historia, ana magoti mabovu. Alikula jina la mtoto wake mezani, na siku hiyo hiyo lake nalo likaisha, maana hakuna aliyejua tena amwite nani.

Keren. Nimeliandika. Keren.

4 Februari, Sakania

Alikuwa msomaji wangu wa kwanza, hilo sikulisema huko nyuma. Kitabu cha kwanza chote alikisoma jikoni na penseli nyekundu sikioni, ukurasa baada ya ukurasa, nikimenya viazi na kuogopa. Ndiyo maana jina la Kapya lilikuwa lake kulitumia kabla halijawa la mtu mwingine.

Jana mchana nilimpa madaftari. Nikamwambia ukweli: mpango haujabadilika, Kapya anaingia tanuruni na hatoki, na huo ndio mwisho wenye nguvu. Akanijibu bila uchungu kwamba kitabu ni changu, nimuue nikitaka. Akaomba penseli.

Leo amemaliza. Tumeketi chini ya upenu, mvua ikipiga bati, mtoto akipanga vizibo vya chupa.

"Mama, iko mu-erreur moja. Kosa kubwa."

"Wapi?"

"Tangu kitabu ya kwanza. Kapya iko na baba, iko na bajomba, iko na mubwa mwenye kusema. Mama yake iko wapi?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilitafuta katika kichwa changu sura zaidi ya sitini. Wafua shaba nimewapa majina hadi wa kumi na nne. Yule mbwa nimempa nasaba. Mama yake Kapya sikumwandika popote, wala sikuandika kwamba amekufa.

"Sijui," nikasema.

"Anaingia mu tanuru, na hakuna muntu anamwita. Mi njo sisadiki pale." Akanirudishia daftari. Alikuwa amechora mstari mmoja tu, chini ya neno la mwisho.

11 Februari

Nyumbani. Sijaandika kitu.

19 Februari

Nimeandika kurasa sita, nimezichana. Vital ametazama vipande kwenye kapu, akalipeleka kapu nje.

2 Machi

Keren amepiga simu. Siku kumi na mbili bila homa. Mtoto amejifunza kusema "hapana" na anaisema kwa kila kitu. Nimemwambia hiyo ameitoa kwangu.

Mvua imepungua. Sufuria ya jikoni imekaa siku tatu kavu.

13 Machi

Sura ya mwisho inakwenda. Naandika asubuhi kabla ya shule na mchana nikirudi. Kuna mwanamke anayetembea kuelekea tanuru kuu, na nimegundua kwamba amekuwa akitembea tangu kitabu cha kwanza, ila mimi sikuwa nimegeuza macho upande wake. Ana hasira. Nimemwachia hasira yake, siwezi kumfanya malaika. Lakini anatembea.

26 Machi

Nimemaliza saa tisa mchana, jua limewaka, ardhi inatoa mvuke.

Kapya aliingia. Hilo sikulibadilisha, tanuru liko pale na mtu lazima aingie. Mla-Majina alifungua kinywa. Na mama yake alifika mlangoni mwa moto, akiwa amechelewa vitabu viwili na nusu, akaita jina la mtoto wake kwa sauti ya kumwita mtu aje kula. Mla-Majina hakuweza kumeza jina ambalo lilikuwa bado linaitwa. Lilimkwama kooni, akaungua nalo peke yake. Kapya alitoka. Mikono yake ina makovu na haitafua shaba tena, maana sikuwa tayari kumpa kila kitu.

Mzee wa kofia ya buluu nimemwacha katika sura ya kumi. Sura ile ni bora na mchanga wake. Hilo sitamwambia. Uji pia nimeurudisha.

28 Machi

Asubuhi nimemkabidhi Vital daftari la mwisho.

"Peleka kwa Abigaëlle. Kalamu yako iache hapa."

Ametoa kalamu mfukoni mwa shati, ameiweka mezani polepole. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho, amesimama pale pale, akasoma midomo ikitembea. Nilijifanya nafuta meza. Alisoma mara mbili. Akafunga daftari, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki ingawa hakuna wingu hata moja, akavaa kofia.

Mlangoni amegeuka.

"Napita ku soko. Unataka nilete nini, Mama Keren?"

Miaka minne. Nilikunja kitambaa cha meza mara mbili, nikakikunjua.

Nimemwambia alete unga wa uji. Wanakuja Jumamosi.